Mita Sita za Kufika Mlangoni

Tazama mlango wa ofisi nyingi za umma zilizojengwa miaka ya karibuni: ngazi tatu, na pembeni yake zege lililomwagwa kimshazari liwe njia ya viti mwendo. Kwenye fomu ya ukaguzi panatiwa vema, kwamba watu wenye ulemavu wamefikiriwa. Sasa twende kwenye hesabu. Ngazi tatu hupanda kama sentimita 48. Kipimo ambacho wasanifu majengo wengi hukifuata ni 1 kwa 12, yaani kila sentimita moja ya kupanda inadai sentimita 12 za kwenda mbele. Njia hiyo basi ilitakiwa iwe na urefu wa karibu mita sita. Iliyopo ina mita mbili, kwa kuwa mbele yake ni maegesho ya gari la mkurugenzi.

Kwenye mwinuko wa namna hiyo, anayejisukuma mwenyewe huona magurudumu ya mbele yakinyanyuka na kiti mwendo kikitaka kumpindua kwa nyuma. Mvua ikinyesha juu ya vigae vinavyong'aa, hata mwenye miguu mizima hupapasa ukuta.

Sheria zipo. Tanzania ilitunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu mwaka 2010. Sheria ya Kenya ya 2003 iliwapa wamiliki wa majengo ya umma miaka mitano ya kuyarekebisha, tangu kifungu husika kianze kutumika. Miaka hiyo ilikwisha zamani, ngazi zipo.

Ukiuliza utaambiwa, "Aje tu, vijana watambeba." Wanasema kwa roho safi. Lakini mtu mzima aliyevaa vizuri kwa ajili ya usaili ananyanyuliwa kwapani na mlinzi na muuza vocha, foleni nzima ikitazama, kisha anatakiwa aeleze uwezo wake wa kujitegemea kazini. Na saa saba mchana vijana wamekwenda kula.

Akishaingia, kuna choo. Kiti mwendo kinahitaji nafasi ya kama mita moja na nusu ili kigeuke. Mlango wenyewe unafungukia ndani na kula nusu ya chumba. Ndiyo maana wapo wanaojinyima maji tangu asubuhi siku wanapokuwa na shida ya kwenda ofisini.

Kisingizio ni gharama. Kubomoa ni ghali, kweli. Kuchora vizuri tangu mwanzo si ghali hivyo. Vituo vya mwendokasi Dar es Salaam vilichorwa jukwaa likiwa usawa wa sakafu ya basi, na anayenufaika si mwenye kiti mwendo peke yake, bali pia mzee wa magoti na mama mwenye mtoto na kikapu.

Halmashauri ingeweza kukataa kibali cha ujenzi kwa mchoro usioonyesha urefu wa njia ya viti mwendo. Kisha, kabla jengo halijazinduliwa, mtu wa kiti mwendo aingie, aende chooni, atoke, bila kuguswa na mtu. Ukaguzi huo hauzidi nusu saa. Ila naye alipwe posho, kama wakaguzi wengine.