Kipande Kilichohama: Janet Rowley na Hesabu ya Marejeo

Mwaka 1960, katika mji wa Philadelphia, Marekani, Peter Nowell na mwenziwe David Hungerford walichapisha katika jarida la Science taarifa fupi mno, ya aya chache tu, ikieleza kwamba katika damu ya watu waliougua aina moja ya saratani ya damu, ile inayojongea polepole huku ikizidisha seli nyeupe, wameona kromosomu moja iliyopungua umbo hata ikawa ndogo kupita kiasi. Kromosomu hiyo ikapewa jina la mji ilikoonekana. Na kwa sadfa isiyokosa ladha, ni katika mji huo huo Eugene Garfield, mtu wa kupanga maarifa wala si tabibu, alipotoa mwaka 1964 faharasa ya marejeo ya sayansi, iliyomwezesha msomaji kujua, si makala fulani imewataja akina nani tu, bali nani wameitaja tangu ilipochapishwa. Wazo lenyewe alilipata kwa wanasheria wa Marekani, ambao tangu karne ya 19 walikuwa na vitabu vya kuonyesha hukumu ipi ingali inafuatwa na ipi imekwisha kutanguliwa.

Janet Rowley, ambaye kwa ajili yake nimewakutanisha mabwana hawa, alizaliwa New York mwaka 1925, akasoma utabibu katika Chuo Kikuu cha Chicago, na kwa miaka mingi alifanya kazi siku chache za juma ili apate wasaa wa kuwalea wanawe wanne. Alipokuwa Oxford alijifunza namna mpya ya kupaka kromosomu rangi inayong'aa chini ya hadubini, ikadhihirisha milia ambayo kwayo kila moja hupambanuka na nyingine; na aliporudi Chicago akawa anachukua picha zake nyumbani, anazikata kwa mkasi juu ya meza ya chakula na kuzipanga jozi kwa jozi, huku wanawe wakimtania kwamba mama anacheza na wanasesere wa karatasi. Ilikuwa katika kuzipanga picha hizo alipotambua jambo ambalo wengi hawakulidhania: kwamba kila kromosomu ya 22 ilipopungua, ile ya 9 ilikuwa na ziada nchani mwake, ya kadiri iyo hiyo. Kipande kilichodhaniwa kimepotea kumbe kimehama. Matokeo hayo yalitoka katika jarida la Nature mwaka 1973, kwa kurasa nne. Na mwaka huo huo jarida moja la Ufaransa, Annales de Génétique, likachapisha uhamisho mwingine aliougundua, baina ya kromosomu ya 8 na ya 21.

Watafiti wa miaka ya 1980 walibainisha kwamba kuhama huko huziunganisha jeni mbili zisizohusiana, BCR na ABL, zikazaa protini isiyojua kunyamaza, inayoiamrisha seli igawanyike pasi na kikomo. Na dawa ya kuizuia protini hiyo, imatinibu, iliidhinishwa Marekani mwaka 2001, ikawageuzia wagonjwa wengi hukumu ya mauti kuwa kidonge cha kila siku.

Makala ya Rowley imerejelewa mara maelfu, na sioni ubaya kulisema hilo kwa fahari. Lakini hesabu ya marejeo ina tabia zake. Makala iliyopata kurejelewa kuliko zote duniani, kwa mujibu wa hesabu iliyochapishwa mwaka 2014, ni ile ya Oliver Lowry ya mwaka 1951, yenye kueleza namna ya kupima kiasi cha protini. Imetajwa zaidi ya mara 300,000, kwa kuwa kila aliyeitumia njia hiyo alilazimika kuitaja. Uvumbuzi uliokwisha kuwa maarifa ya wote hupatwa na kinyume chake: tabibu aandikaye leo katika cheti cha mgonjwa tarakimu 9 na 22 hamtaji Rowley, kama vile asivyomtaja aliyegundua mzunguko wa damu. Jorge Hirsch alipobuni mwaka 2005 kipimo ambacho kwacho mwenye 40 ni yule aliye na makala 40 zilizorejelewa kila moja angalau mara 40, alitoa kipimo chepesi kwa wenye kugawa vyeo, na kwa maoni yangu wepesi huo ndio hatari yake, maana humpendelea aliyeandika mengi kwa muda mrefu, ilhali Alfred Knudson, kwa makala moja ya mwaka 1971 juu ya watoto 48 wenye saratani ya jicho, aliwafundisha wanajenetiki wote namna ya kufikiri juu ya saratani ya kurithi. Knudson, Nowell na Rowley walipewa pamoja tuzo ya Lasker mwaka 1998.

Kwetu Afrika ya Mashariki habari hii si ya mbali. Uvimbe wa taya za watoto, ambao Denis Burkitt, mpasuaji wa hospitali ya Mulago, Kampala, aliuandikia mwaka 1958 katika jarida la wapasuaji la Uingereza, nao hutokana na kuhama: jeni iitwayo MYC, iliyomo katika kromosomu ya 8, aghalabu huhamia katika ile ya 14. Kabla jeni hiyo haijajulikana, Burkitt alikwisha kuwapelekea waganga wa hospitali za serikali na za misheni barani maswali yenye picha, apate kujua ugonjwa unakaa wapi na wapi haukai. Majibu yao ndiyo yaliyochora ramani yake, na hayamo katika faharasa, kwa sababu Garfield alihesabu makala zilizochapishwa, na yale yalikuwa barua.