Ridhaa ya Wambuti katika Utafiti wa Uwanjani
Mwanafunzi anayekwenda Ituri kuchunguza maisha ya Wambuti hufikia kwanza katika kijiji cha wakulima, kiwe cha Walese au cha Wabira. Huko hupewa mkalimani, ambaye mara nyingi ni wa ukoo unaojihesabu kuwa mabwana wa Wambuti wale wale watakaohojiwa. Bwana husema kwamba watu wake wamekubali, na kazi huanza. Kwa maoni yetu, hiyo si ridhaa.

Lugha yenyewe huficha jambo hili. Waefe husema lugha iliyo karibu sana na Kilese, na Wambuti wa Epulu husema Kibira. Hivyo mgeni hudhani kwamba anayejua lugha ya kijiji aweza kusema kwa niaba ya kambi. Lakini Colin Turnbull, katika kitabu chake cha mwaka 1961, alikwisha kuonyesha kwamba Wambuti msituni hawatendi kama wanavyotenda mbele ya wanakijiji.

Yafaa basi mtafiti aingie kambini, aeleze shabaha yake mbele ya wanaume na wanawake, kisha angoje. Kambi haina chifu wa kutia sahihi kwa ajili ya wote. Watu hushauriana, pengine hadi usiku. (Ratiba za vyuo hazipendi ngojangoja hiyo.) Anayenyamaza hajakubali. Sheria ya tarehe 15 Julai 2022 imewatambua Wapigme kuwa wenyeji wa asili wenye haki zao. Tasnifu zetu hazina budi kutaja ni nani aliyeulizwa, kwa lugha gani, na nani alikuwa ameketi kando akisikiliza.