Tumbo dhaifu la mbwa na mfuko wa mwenyewe

Mwenye mbwa anayeharisha mara kwa mara hupewa ushauri wa aina mbili, na kila mmoja una gharama yake. Wa kwanza ni kununua mfuko wa chakula kikavu kutoka nje, ule ulioandikwa kwamba ni wa mbwa wenye tumbo dhaifu, na bei yake kwa familia nyingi haibebeki zaidi ya mwezi mmoja. Wa pili ni kumpa mbwa kile kinachohesabiwa kuwa kizuri: nyama ya ng'ombe, maziwa, mkate uliolowekwa kwenye mchuzi. Hoja yangu ni tofauti na zote mbili. Kwa mbwa wengi waliokomaa, chakula kinachodharauliwa kuliko vyote, yaani ugali na dagaa, kiko karibu sana na kile ambacho tumbo dhaifu linahitaji, mradi kiwe kisafi, kiive sawasawa na kiwe kilekile leo na kesho. Masharti hayo matatu ndiyo magumu, na wengi huyaruka kisha wakalaumu ugali.

Kabla ya kugusa bakuli, lakini, minyoo iondolewe. Minyoo ya safura hujibandika kwenye ukuta wa utumbo na kunyonya damu, na mbwa aliye nayo ataharisha hata akilishwa kwa dhahabu. Mbwa mzima anayezurura hupewa dawa kila baada ya miezi mitatu, na mtoto wa mbwa huanzishwa akiwa na wiki mbili, kisha hurudiwa kila wiki mbili mpaka baada ya kuachishwa kunyonya. Dozi hiyo, ikipimwa kwa uzito wa mbwa, ni nafuu kuliko mabadiliko yoyote ya chakula. Mtoto wa mbwa asiyechanjwa anayetapika na kuharisha damu huenda ana parvo, na huyo hana siku za kujaribiwa vyakula. Apelekwe kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo. Kuna pia mazoea ya kununua metronidazole duka la dawa za binadamu na kumkatia mbwa nusu kidonge kila anapoharisha. Kuharisha kwa kawaida, mbwa akiwa bado mchangamfu na anakunywa maji, mara nyingi huisha kwenyewe ndani ya siku chache, na dawa hiyo huwaua pia bakteria wazuri wa utumbo ambao ndio wanaosaidia kinyesi kishikane. Mtu anaweza kumaliza fedha kwenye vidonge na kubaki na tumbo lililo dhaifu zaidi kuliko alivyolikuta.

Sasa tuje kwenye chakula chenyewe. Mwaka 2016, Ralf Mueller, Thierry Olivry na Pascal Prélaud walikusanya tafiti zilizokwisha kuchapishwa kuhusu mbwa 297 waliothibitishwa kuwa na mzio wa chakula unaojitokeza kwenye ngozi, wakaangalia ni chakula gani kilimsumbua nani. Nyama ya ng'ombe ilikuwa ya kwanza, asilimia 34. Maziwa na mazao yake yalikuwa asilimia 17, kuku 15, ngano 13. Mahindi yalikuwa asilimia 4 tu, samaki 2 na mchele 2. Utaona kwamba vile tunavyompa mbwa kwa kumpenda, yaani nyama, maziwa na mkate, vimekaa juu kabisa, na vile tunavyompa kwa kukosa vingine vimekaa chini. Maziwa yana kosa la ziada lisilohusiana na mzio: mbwa wengi wakishakua hupungukiwa kimeng'enya cha kuvunja sukari ya maziwa, na sukari hiyo ikifika chini ya utumbo bila kuvunjwa huvuta maji na kuleta kuharisha.

Msomaji makini atapinga hapo, na ana haki. Mbwa hao 297 waliishi hasa katika nchi ambako mbwa hulishwa ng'ombe na kuku, na mwili hupata mzio wa kile unachokutana nacho. Mbwa aliyekula ugali maisha yake yote anaweza kuchukia mahindi. Nakubali. Ndiyo maana takwimu hizi hazimpi mtu jibu la mwisho kuhusu mbwa wake. Zinampa mahali pa kuanzia. Anaanza na vitu viwili visivyo na sifa mbaya, anavishikilia kwa wiki tatu bila kuongeza kingine, na kama hakuna mabadiliko anaondoa mahindi na kuweka mchele wa chenga au viazi vitamu. Jaribio hilo halihitaji maabara, linahitaji nyumba nzima ikubaliane kwamba hakuna mtu atakayemrushia mbwa kipande cha chapati.

Pingamizi la pili ni kongwe: mbwa ni mla nyama, unga haumhusu. Mwaka 2013, Erik Axelsson wa Chuo Kikuu cha Uppsala, Sweden, pamoja na wenzake, walilinganisha jeni za mbwa na za mbwa mwitu wa Ulaya na Asia, wale ambao mbwa wa nyumbani alitokana nao. Mbwa mwitu hao walikuwa na nakala mbili tu za jeni inayotengeneza kimeng'enya cha kusaga wanga kwenye kongosho; mbwa walikuwa na kuanzia nne hadi thelathini. Maelfu ya miaka ya kuishi pembeni ya jiko la binadamu yamembadilisha mnyama huyu kutoka ndani. Anaweza kusaga wanga, ila wanga ulioiva. Ugali wa harakaharaka, wenye mabonge ya unga mbichi katikati, hupita utumbo mwembamba bila kusagwa na kwenda kuchacha kwenye utumbo mpana. Gesi na kinyesi laini hutokea hapo. Mbwa apikiwe uji mzito uliochemka kwa muda mrefu, upoe, ndipo apewe.

Ugali peke yake, hata hivyo, haumtoshi, na hapa hesabu inasaidia. Kiwango cha chini cha protini kinachotumiwa Marekani kwa chakula cha mbwa mzima ni asilimia 18 ya chakula kikavu. Unga wa mahindi una protini asilimia nane au tisa. Dagaa waliokauka vizuri wana takriban sitini. Chukua sehemu nne za unga na sehemu moja ya dagaa, kwa uzito na si kwa kikombe, na mchanganyiko unafika asilimia 18 na ushee. Mbwa wa kilo 15 asiyefanya kazi nzito anahitaji karibu kilokalori 800 kwa siku, na hizo zinapatikana katika gramu 180 za unga, gramu 45 za dagaa na kijiko cha chai cha mafuta ya kupikia. Kwa mwezi ni kilo tano na nusu hivi za unga na kilo moja na theluthi ya dagaa. Piga bei ya soko lako, kisha linganisha na mfuko wa dukani. Dagaa wana faida nyingine ambayo nyama tupu haina: huliwa na mifupa yao, na mifupa hiyo ndiyo kalsiamu ya mbwa. Lakini wawe dagaa wa kuliwa na watu, wasiotiwa chumvi. Dagaa wanaouzwa kwa ajili ya kuku mara nyingi wamejaa mchanga, maana wameanikwa chini ufukweni, na mchanga ni adui wa utumbo wowote, hasa ulio dhaifu. Waoshwe mara mbili au tatu, wachemshwe, wapondwe.

Pingamizi zito kuliko yote linatoka kwa madaktari wenyewe. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walipima mapishi 200 ya nyumbani ya mbwa, mengine yakiwa yameandikwa na madaktari wa mifugo, wakakuta asilimia 95 yana upungufu wa angalau kirutubisho kimoja muhimu. Sitaki kulipuuza hilo. Ugali na dagaa ni lishe ya kutuliza tumbo na ya kumtunza mbwa mzima kwa bajeti ndogo, lakini ni pungufu ya madini na vitamini kadhaa. Pengo hilo hupunguzwa, bila kuzibwa lote, kwa ini kidogo lililochemshwa mara mbili kwa wiki, yai lililoiva, na boga au mchicha kidogo, kila kimoja kikiingizwa peke yake baada ya tumbo kutulia. Kwa mtoto wa mbwa anayekua na kwa jike mwenye mimba au anayenyonyesha, msimamo wangu ni tofauti: hao wapewe chakula kamili cha kiwandani kilichoandikwa kuwa ni cha mbwa wanaokua, hata ikibidi kujibana, kwa sababu mifupa iliyokosewa utotoni hairekebishiki baadaye. Na anayenunua cha kiwandani anunue mfuko uliofungwa. Kile kinachopimwa kwa kilo kutoka gunia lililokaa wazi dukani kimekwisha kuingiwa na hewa, mafuta yake yameanza kuoza, na mbwa mwenye tumbo dhaifu ndiye wa kwanza kulipa.

Nimesema chakula kiwe kisafi, na neno hilo lina uzito kuliko linavyosikika. Katika masoko yetu mahindi yaliyoota ukungu hayatupwi. Hutengwa na kuuzwa kama chakula cha mifugo. Ukungu huo unaweza kutoa sumukuvu, ambayo wataalamu huiita aflatoksini, na tunaijua kwa misiba. Mwaka 2004 iliua watu 125 mashariki mwa Kenya, wengi wao Makueni na Kitui, na mwaka 2016 karibu watu 20 walifariki Dodoma na Manyara. Mbwa naye ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika upesi na sumu hiyo. Mwishoni mwa 2005, chakula cha mbwa kilichotengenezwa kwa mahindi mabovu katika kiwanda kimoja cha South Carolina, Marekani, kiliua mbwa zaidi ya mia, na mwanzoni mwa 2021 mamlaka ya chakula na dawa ya nchi hiyo ilikuwa ikihesabu zaidi ya mbwa 110 waliokufa kutokana na chakula kingine. Kama viwanda vyenye maabara viliteleza, gunia la unga wa mbwa lisilo na jina lina dhamana gani? Kuchemsha hakuondoi sumu hii. Inastahimili joto la sufuria yoyote. Tena hukusanyika zaidi kwenye ganda na kiini cha punje, kwa hiyo pumba, ambayo ndiyo rahisi kuliko vyote, ndiyo ya kuogopwa zaidi. Dalili za mwanzo ni kukosa hamu ya kula, kutapika na kuharisha, yaani zilezile ambazo mwenye mbwa huziita tumbo dhaifu, na kwa kutaka kubana matumizi huendelea kumlisha kutoka gunia lilelile. Macho yakigeuka manjano, ini limekwisha kuumia. Sembe ya watu, kutoka mahindi makavu yaliyochambuliwa na kukobolewa, ina bei ya juu kidogo kuliko pumba, na hapo ndipo pesa ya ziada, kama ipo, inapaswa kwenda.

Wapo watakaosema kwamba mbwa wa vijijini wanakula mabaki na majalala na wanaishi. Wanaoishi ndio tunaowaona. Mabaki ya mezani ndiyo chakula kisichofaa kabisa kwa mbwa mwenye tumbo la shida, kwa sababu kila siku ni kitu kipya: leo pilau yenye mafuta, kesho maharage ya nazi, keshokutwa mifupa ya kuku. Mafuta mengi kwa mkupuo yanaweza kuwasha kongosho. Mfupa uliopikwa hupasuka vipande vyenye ncha. Kitunguu maji na kitunguu saumu, ambavyo havikosi katika mchuzi wetu, huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa hata vikiwa vimepikwa. Matumbo na mapafu mabichi kutoka machinjioni ni hatari kwa wenye nyumba pia: mbwa akila kiungo chenye malengelenge ya tegu wa hidatidi, mayai ya tegu hutoka kwenye kinyesi chake na kumfikia mtu, ambaye huota uvimbe wa maji kwenye ini au mapafu. Turkana, kaskazini mwa Kenya, ugonjwa huo ulienea kiasi kwamba AMREF ilianzisha mpango wa kuudhibiti miaka ya 1980, na upasuaji wa watu ukawa sehemu yake. Matumbo ni chakula kizuri na cha bei ndogo. Yachemshwe mpaka yaive.

Mabadiliko yenyewe yafanywe polepole. Bakteria wa utumbo huzoea chakula fulani, na kikibadilishwa ghafla huchukua siku kadhaa kujipanga upya, hivyo hata chakula bora kinaweza kumharisha mbwa kwa ugeni wake tu. Anza na robo ya chakula kipya na robo tatu ya cha zamani, ongeza kidogokidogo kwa siku saba hadi kumi, ugawe chakula cha siku mara mbili au tatu, na maji safi yasikosekane. Wiki tatu zihesabiwe kuanzia siku ambayo chakula ni kipya kitupu. Zikipita na kinyesi bado ni laini, au mbwa akikonda huku anakula vizuri, chukua sampuli ya kinyesi cha asubuhi hiyo katika chombo kisafi, andika kila alichokula, na umpelekee daktari wa mifugo vyote viwili.