Mwandiko mbaya wa mwanao huenda si uvivu

Darasa la tatu nilikaa dawati moja na mvulana aliyejibu hesabu za kichwa kabla mwalimu hajamaliza kuuliza. Akipewa daftari, mambo yalibadilika. Penseli aliishika kwa kiganja kizima, akaikandamiza hadi karatasi ikatoboka, na kengele ilipolia alikuwa bado mstari wa pili. Alichapwa karibu kila siku kwa "uvivu". Hakufika la saba.

Nimemkumbuka sana tangu nianze kuandika habari za utengamao na kukutana na wataalamu wa tiba kwa vitendo. Wengi hudhani fani hii ni mazoezi ya viungo kwa waliovunjika. Mtaalamu huyu huangalia shughuli ambazo mtoto anatakiwa kuzifanya kila siku, yaani kuandika, kula, kufunga vifungo, kwenda chooni, kukaa akasikiliza, kisha hutafuta kinachomkwamisha.

Shuleni huanza na dawati. Miguu ya mtoto ikining'inia, mwili hutumia nguvu kujishikilia na mkono hukosa utulivu; matofali mawili au boksi gumu chini ya miguu husaidia, hasa kwa mwenye mtindio wa ubongo. Penseli nyembamba huzungushiwa kipande cha tyubu ya baiskeli ili inenepe. Asiyetulia hupewa kazi ya kufuta ubao au kugawa madaftari katikati ya kipindi, kisha anarudi kukaa. Kaptula yenye lastiki humwezesha mtoto kwenda chooni bila kusubiri kusaidiwa.

Vyote hivyo havihitaji bajeti kubwa. Kinachokosekana ni jicho la mtaalamu, kwani shule zetu nyingi hazina hata mmoja, ingawa Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa mtoto mwenye ulemavu haki ya kusoma shule ya kawaida pamoja na wenzake.

Kwa hiyo mzazi ndiye wa kuanza. Ukiona mwanao anachoka haraka akiandika, au vifungo vinamshinda wakati wa rika lake wanaviweza, nenda hospitali ya rufaa ya mkoa, uulizie kitengo cha utengamao. Beba daftari lake, linaeleza mengi. Omba ushauri kwa maandishi, umpelekee mwalimu wa darasa. Nyumbani, akamue nguo, achambue maharage, asukume chapati. Vidole hupata nguvu humo. Na kama anatumia mkono wa kushoto, mwache.