Gesi Iwakayo Chini ya Ziwa Kivu

Mtu wa Kisumu Ndogo, Malindi, akichokoa kwa mti tope la dimbwi lililojaa majani yaliyooza, huona mapovu yakipanda. Ndani yake mna gesi iwakayo, iitwayo methani. Hufanywa na vijidudu visivyoonekana kwa macho, ambavyo huishi mahali pasipo oksijeni.

Kazi iyo hiyo hufanyika kwa wingi mno katika Ziwa Kivu, baina ya Rwanda na Kongo, lenye kina cha mita 480 hivi. Mimea na viumbe vilivyokufa huzama, vikafunikwa na tope, na vijidudu huvigeuza kuwa methani. Vijidudu vingine huifanya kwa gesi ya kaboni itokayo katika volkano. Uzito wa maji ya juu huizuia gesi isipande, ikabaki imeyeyuka vilindini.

Mwaka 1963 gesi hiyo ilianza kutumiwa katika kiwanda cha pombe cha Gisenyi. Na tangu mwaka 2016 mitambo ya KivuWatt huifanya umeme.

Lakini hatari ipo. Mwaka 1986 gesi ya kaboni ilifumka kutoka Ziwa Nyos, Kameruni, ikaua watu wapatao 1,700. Basi kuivuta gesi ya Kivu kwa uangalifu kuna faida mbili: nguvu hupatikana, na hatari hupungua.