Feni ya jikoni na hewa inayopita sakafuni

Feni ndogo ya kutolea moshi haili umeme kama inavyohofiwa. Ya wati 25, ikizunguka saa mbili kila siku, kwa mwezi hutumia yuniti moja na nusu, na hotpleti ya wati 1,000 huzimaliza kwa saa moja na nusu. Kwa hiyo, iwe Kalengera, kwenye barabara ya Rutshuru, au Goma mjini unakofika umeme wa Matebe, mtambo wa megawati 13.8 uliozinduliwa 2015, anayezima feni wakati wa kupika anabakia na moshi kwa ajili ya nguvu inayopatikana katika gramu 200 hivi za makala. Ulaya hoja ni nyingine: kule feni hutoa nje joto lililolipiwa. Huku nyumba hazipashwi moto kwa umeme, basi hasara hiyo haipo.

Hasara yetu iko kwingine, na fundi mzoefu huiona kwa kipande cha karatasi nyepesi. Hukisogeza kwenye wavu wa feni. Kikinasa, hewa inatoka. Kikianguka, feni inazunguka bure. Kabla ya kulaumu mota, fundi hutazama mlango uliofungwa na dirisha lililozibwa, kwa kuwa hewa haitoki pasipo nyingine kuingia. Akifungua dirisha kidogo, karatasi hunasa papo hapo. Wavu uliojaa mafuta na masizi nao hupunguza mvuto, na feni hulazimika kuzunguka muda mrefu zaidi kwa kazi ileile.

Mtu atasema: kama dirisha linafunguliwa, feni ya nini? Penye madirisha mawili yanayokabiliana na upepo unapita, kweli haihitajiki. Lakini nyumba nyingi za Goma zimebanana ukuta kwa ukuta, na usiku hufungwa kwa hofu ya wezi huku mbabula ikiwaka ndani na kutoa gesi isiyo na harufu inayoua. Hapo feni ina kazi, ila ikivuta katika nyumba iliyozibwa, hewa itapenya popote penye ufa, hata sakafuni. Goma imekaa juu ya mawe ya volkano ya Nyiragongo, na mahali pengine mazuku, yaani kaboni dioksidi nzito, hutoka ardhini na kutuama mabondeni. Ndiyo maana tundu la kuingizia hewa litobolewe ukutani, juu, kabla feni haijawashwa. Na kwenye parsele ambayo mazuku huipanda hadi kizingitini, je, juu ni wapi?