Zawadi Isiyomlemea Mkorea

Siku za soko, Jumatatu na Alhamisi, muuzaji mzoefu wa mitumba pale soko la Daraja Mbili, Kisii, atakuambia robota lipi limetoka Uingereza na lipi limetoka Korea. Korea Kusini ni miongoni mwa nchi zinazouza nje nguo kuukuu kwa wingi zaidi duniani, kwa hiyo biashara baina yetu na wao ipo tayari. Mara nyingi kinachokosekana ni kuonana ana kwa ana. Mfanyabiashara wa Kisii au Nyamira akipata fursa ya kuketi na Mkorea, swali la kwanza litakalomsumbua ni la zawadi.

Kwetu heshima hupimwa kwa ukubwa. Mgeni wa maana hapewi kitu kidogo. Kwa Mkorea wa kazini, hapo ndipo hatari ilipo, kwa sababu zawadi kwao ni deni: anayepokea atatakiwa arudishe kitu chenye thamani inayokaribiana, kwa wakati unaofaa. Ukimpa asichoweza kukirudisha, umemfunga. Ndiyo maana huenda akakataa mara ya kwanza, hata ya pili, kabla ya kupokea. Usikasirike wala usiirudishe mfukoni haraka. Msihi kwa upole.

Asiyeelewa deni hili akumbuke matanga ya kwetu. Kuna meza, kuna mwenye daftari, na kila mchango huandikwa jina na kiasi. Korea ni vivyo hivyo, msibani na harusini pia. Mgeni hufika na bahasha nyeupe yenye jina lake, huikabidhi mezani, na familia hulitunza daftari kwa miaka mingi. Siku aliyetoa atakapofiwa au atakapooza mtoto, daftari hufunguliwa kwanza ili ijulikane anastahili kurudishiwa kiasi gani. Hupendelewa viwango vya witiri, kama won 30,000, 50,000 au 70,000, na 100,000 pia inakubalika. Mshirika wako akifiwa na mzazi, bahasha hiyo ndogo iliyofika kwa wakati itakujenga kwake kuliko kinyago cha bei ghali ulichompa siku ya kutia saini mkataba. Naliamini hili kwa dhati, na nashangaa jinsi mafunzo ya biashara yanavyoliacha.

Tuje kwenye zawadi yenyewe. Tabaka ni karibu, na jiwe lake la sabuni ni zawadi nzuri kwa watu ambao wenyewe wana mapenzi ya siku nyingi na mawe: wali wao maarufu wa bibimbap huandaliwa pia katika chungu cha jiwe. Lakini chagua kwa uangalifu. Wachongaji hupenda kuuza seti, na seti ya vikombe vinne au viboko wanne ndiyo ya kuepuka, kwa kuwa namba nne kwa Kikorea hutamkwa sawa na neno la kifo; lifti nyingi za huko huandika herufi F mahali pa 4. Chukua tatu au tano. Kisu cha kufungulia barua kiache dukani, maana kitu cha kukata huashiria kukata uhusiano. Ukitaka jina la mgeni lichongwe, lisipakwe rangi nyekundu, kwani jina la mtu aliye hai haliandikwi kwa wino mwekundu. Karatasi ya kufungia isiwe nyeupe wala nyeusi, rangi za msiba. Na jiwe ni zito: mtu wa ndege umpe kipande kinachoenea kiganjani.

Majani ya chai ya Nyansiongo au Sanganyi yanafaa vilevile, wala usiyaonee haya. Katika sikukuu za Chuseok (ya mavuno) na Seollal (ya mwaka mpya), kampuni za Korea huwapelekea wateja wao maboksi ya mafuta ya kupikia, samaki wa mkebe, matunda, hata nyama ya kopo ya Spam, iliyoingia nchini humo kupitia wanajeshi wa Marekani wakati wa vita vya 1950 hadi 1953. Ni vitu vya jikoni, ila vimepangwa na kufungwa kwa unadhifu mkubwa. Unadhifu huo ndio wa kuiga.

Toa zawadi kwa mikono miwili, ukianza na mkubwa wa cheo. Usimpe mkurugenzi kitu kilekile ulichompa karani wake. Akiiweka kando bila kuifungua, hajaidharau. Wengi hawafungui mbele ya mtoaji, ingawa vijana wamelegeza desturi hiyo.

Mwenye cheo cha umma ana kanuni nyingine kabisa. Tangu Septemba 28, 2016, Korea ina sheria iitwayo kwa jina la Kim Young-ran, mwanamke wa kwanza kuwa jaji wa Mahakama ya Juu nchini humo. Inawabana watumishi wa umma, walimu na wanahabari. Zawadi ya kawaida isizidi won 50,000, ambazo ni chini ya shilingi 5,000 za Kenya. Mazao ya shambani yameruhusiwa kiwango cha juu zaidi. Anayepokea zaidi ya won milioni 1 kwa mara moja anaweza kufungwa hadi miaka 3, hata kama zawadi haikuhusiana na kazi yake. Upande wetu, ibara ya 76 ya Katiba ya 2010 inasema zawadi apewayo ofisa wa Serikali katika hafla rasmi ni mali ya Jamhuri, na Sheria ya Hongo ya 2016 inazigusa kampuni binafsi pia. Kwa hiyo ukinunua kinyago cha kumpa ofisa kutoka Seoul, mwombe mchongaji risiti na umpe mgeni nakala. Bei za Tabaka ni nafuu, na huenda akahitaji kulithibitisha hilo akirudi ofisini kwake.